Treni iliondoka na mimi, pasipoti ikabaki Dadar

MFANYABIASHARA wa kwetu akienda Mumbai huona vitu vitatu tu: uwanja wa ndege, hoteli na soko. Mimi na mwenzangu nasi tulikusudia hivyo hivyo Agosti 2019. Yeye huuza vitambaa kati ya Rumonge na Kigoma, na kwa kuwa shule zilikuwa likizoni alinichukua niwe mkalimani wake wa Kiingereza. Tumekua pamoja Katumba, makazi ya wakimbizi wa 1972 karibu na Mpanda, tukakaa dawati moja shule yote ya msingi.

Mzigo tuliununua Mangaldas, soko la vitambaa lenye paa jirani na Crawford Market. Wakala akasema kufunga marobota kutachukua siku tatu. Mwenzangu akanitazama. "Mwalimu, tukae hotelini tuhesabu mapanga ya feni?" Asubuhi tukaiacha hoteli, kila mmoja na begi mgongoni, bila ramani wala mpango.

Adhabu ya kukosa mpango tuliipata jioni ile ile. Nyumba tatu za wageni za bei nafuu zilitukataa. Ndugu msomaji, jua kwamba nchini India mwenye nyumba ya wageni hutakiwa kumwandikisha serikalini kila mgeni anayetoka nje, kwa pasipoti na viza yake, na wapo wasiotaka usumbufu huo. Ya nne ikatupokea. Tangu hapo mwenzangu akazitia pasipoti zote mbili, pamoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano, katika kipochi alichokivaa shingoni ndani ya blauzi. Mimi nikabaki na mwavuli.

Kesho yake tulikwenda Churchgate kupanda treni ya mjini. Nauli ya daraja la pili hadi Mahalaxmi ilikuwa rupia 5. Yapo mabehewa ya wanawake peke yao, tukaingia humo. Kina mama walikuwa wakichambua mboga mapajani, muuza vibanio akipenya katikati yao. Nami, kwa ugonjwa wa mwalimu wa Kiswahili, nikatega sikio: duniya, musafir, kitaab, gaadi. Gaadi ndiyo gari yetu. Hata huko Dhobi Ghat tulikokuwa tunakwenda kuona nguo za jiji zikifuliwa, neno dobi tulilipata kwao.

Tusilolijua ni kwamba zipo treni za kila kituo na zipo za haraka. Yetu ilikuwa ya haraka. Mahalaxmi tuliipita tukicheka. Kipaza sauti kikatangaza Dadar, tukajongea mlangoni tushuke.

Dadar hakuna kushuka kwa adabu. Hapo hukutana njia mbili kubwa za reli, na treni husimama kitambo kidogo tu. Mwenzangu alishuka. Mimi, hatua mbili nyuma yake, nilikumbana na wanaopanda, wakanirudisha ndani. Treni ikaondoka. Nilimwona jukwaani ameinua mkono, kisha sikumwona tena.

Wewe uliyewahi kuishi kwa kadi ya mgao unajua nilichohisi. Sina pasipoti, sina simu, maana laini ya India tulinunua moja na ilikuwa kwake. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, lakini magoti yalilegea. Mama mmoja aliweka kando maharage yake akaniuliza kwa Kiingereza nina nini. Nilipoeleza, behewa zima likaanza kujadili kesi yangu. Hukumu ikatoka: ashuke Bandra, apande ya kurudi. Yule mama akashuka nami, akanivusha daraja la jukwaani, akanipandisha treni ya kuelekea Churchgate na kuwaagiza waliokuwa mlangoni wahakikishe nimeshuka Dadar. Jina lake sikumwuliza.

Mwenzangu nilimkuta pale pale alipokanyaga aliposhuka. Watu wanampita kila upande, mvua inamlowesha bega moja, naye amekumbatia kipochi.

"Dada, mbona hukunifuata na treni ya nyuma yangu?"

"Mama alimpoteza kaka yangu njiani mwaka 1972," akasema. "Huyu alimfuata yule, yule akamrudia huyu, wakapishana. Ndiyo maana alitufundisha kwamba mkipotezana, aliyebaki nyuma asimame."

Miaka saba ya dawati moja, na sikuwa nimewahi kusikia habari ya huyo kaka.

Akafungua kipochi, akanipa pasipoti yangu na kadi yangu. Dhobi Ghat tuliiona kwa haraka kutoka darajani. Alasiri tukafika Haji Ali, kaburi la walii lililojengwa baharini, ambalo njia yake hufunikwa bahari inapojaa. Tulikuta imefunikwa. Tukakaa ukutani kungoja maji yashuke, naye akaanza kunisimulia habari za kaka yake, kama mama yao alivyowasimulia.