Somo la Kumi na Mbili: Furaha na Mahangaiko ya Babu na Bibi



Katika somo lililopita tulieleza wajibu wa wazazi. Leo tuwatazame wale wanaosimama nyuma ya wazazi, ndio babu na bibi.

1. Furaha yao

Mzee anapompakata mjukuu, huona kwamba ukoo wake hautakoma. Katika kitabu cha Rutu twasoma habari za Noemi. Mama huyo alifiwa na mume, kisha na wana wawili, akarudi Betlehemu mikono mitupu. Lakini Rutu, mke wa marehemu mwanawe, alipomzaa Obedi kwa Boazi, Noemi alimtwaa mtoto kifuani, akawa mlezi wake. Obedi huyo ndiye babu yake mfalme Daudi.

Furaha ya pili ni kurithisha imani. Mtume Paulo, akimwandikia Timoteo, alikumbuka imani iliyokaa kwanza ndani ya Loisi, bibi yake, kisha ndani ya Eunike, mama yake. Sisi makatekista twalijua jambo hilo: watoto wengi hufika kwetu wakijua tayari ishara ya msalaba, kwa kuwa bibi aliwafundisha jioni karibu na moto.

2. Mahangaiko yao

Katika Kivu na Ituri, vita vilivyozuka mwaka 1996 na mwaka 1998, pamoja na mapigano yaliyofuata, vimewarudishia wazee wengi kazi ya ulezi. Wazazi wengine wamefariki. Wengine wamekwenda kuchimba dhahabu, wala hawaleti habari. Bibi aliyedhani amepumzika hushika tena jembe. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yametangazwa kuwa ya bure, lakini daftari, mavazi na dawa vyadai fedha. Usiku bibi hujiuliza: nikifa, watoto hawa watakwenda kwa nani?

Katika kigango chetu bibi mmoja alimlea mjukuu miaka saba. Ndipo baba wa mtoto akarudi kutoka machimboni, amekwisha kuoa, akamtaka mwanawe. Bibi akamwuliza mbele ya wazee: «Alipougua surua, wewe ulikuwa wapi?» Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa maana alisema kweli. Lakini sote tulimwona mtoto akimtazama baba yake bila kuchoka. Bibi naye aliona. Baada ya siku tatu alisema mwenyewe: mtoto aende kwa baba, arudi kwangu kila likizo, na baba anilimie shamba kila mwaka. Mwaka wa kwanza baba alilima. Mwaka wa pili alituma salamu tu.

3. Maulizo na majibu

Ulizo: Mjukuu ni mali ya nani?
Jibu: Si mali ya babu wala ya baba. Ni wa Mungu, anayemweka kwanza mikononi mwa wazazi, na babu na bibi wawasaidie.

Ulizo: Babu na bibi wajihadhari na nini?
Jibu: Wasifiche makosa ya mjukuu, wala wasiwasengenye wazazi mbele yake.

Ulizo: Amri ya nne yatudai nini sisi watoto wao?
Jibu: Chakula, dawa, na kusikiliza shauri lao. Tukiwaachia watoto wetu, tusiwaachie na njaa.

4. Azimio

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya kuwaheshimu mababu, mabibi na wazee, Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Anna, tarehe 26. Lakini mwenye mtoto kwa mama yake asingoje Julai. Juma hili aende, na salamu zake aziambatanishe na jembe.

Mungu awabariki. Kwaherini hadi somo lijalo.