Mawimbi ya Ubongo na Jeraha Lisiloonekana kwenye Picha

Abiria wa bodaboda anaanguka, anapoteza fahamu kwa dakika chache, anakimbizwa hospitali. CT-Scan inatoka safi, naye anaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki zinapita, lakini kichwa bado kinauma, mwanga unamkera, anasahau alichotumwa, na ndugu wanaanza kunong'ona kwamba anajidekeza. Mtu aliyefikia hapo akisikia kuna kipimo cha mawimbi ya ubongo kitakachothibitisha maumivu yake, na mafunzo yatakayoyarekebisha mawimbi hayo, hawezi kulaumiwa kwa kutaka kujaribu. Anachostahili ni kuelezwa kwa ukweli kipimo hicho kinaweza nini na kinaishia wapi.

Jeraha lenyewe ni la kweli. Madaktari huliita dogo pale mgonjwa anapopata alama 13 hadi 15 kwenye mizani ya Glasgow ya kupima fahamu, akiwa hakupoteza fahamu kwa zaidi ya dakika 30, wala kumbukumbu ya tukio kwa zaidi ya saa 24. Udogo huo unahusu hali ya siku ya ajali, hautabiri mateso yanayoweza kufuata. Kichwa kinapotikiswa kwa nguvu, nyuzi za neva huvutika, chumvichumvi zilizo ndani na nje ya seli huvurugika, na seli hulazimika kutumia nishati nyingi kurudisha utulivu. CT-Scan huona damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Haiwezi kuona kuvutika kwa nyuzi nyembamba kiasi hicho. Picha safi, basi, haimfanyi mgonjwa kuwa mwongo.

Hapo ndipo EEG, yaani kile kipimo cha mawimbi ya ubongo, inapoingia, kwa kuwa yenyewe haipigi picha ya umbo la ubongo bali husikiliza umeme wake. Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme huo kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924 mjini Jena, akachapisha matokeo mwaka 1929. Hadi leo msingi ni uleule. Fundi hupaka jeli kichwani na kubandika elektrodi, mara nyingi 19, kila moja mahali pake. Mgonjwa akifumba macho na kutulia, mawimbi ya alfa, yanayopiga takriban mara 8 hadi 13 kwa sekunde, hujitokeza wazi sehemu ya kisogoni. Akifumbua macho, hufifia papo hapo. Berger mwenyewe aliliona hilo, na kila fundi hulitazamia.

Lakini elektrodi hazichagui cha kusikiliza. Mgonjwa akipepesa jicho, wimbi kubwa huruka upande wa paji la uso. Akiuma meno, misuli ya taya hufunika ubongo kwa michirizi ya haraka. Akisinzia, mawimbi ya polepole huongezeka. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu huongeza mawimbi ya haraka. Sasa mfikirie aliyeumia kichwa: halali vizuri, amekaza shingo kwa maumivu, na huenda anatumia dawa. Rekodi yake inaweza kutofautiana na ya mtu mzima wa afya bila tofauti hiyo kutokana na jeraha. Ni kama kipimajoto: husema mwili una homa, lakini hakisemi kama ni malaria au homa ya matumbo.

Mgogoro wa kitaalamu umesimama juu ya jambo hilo. Mwaka 1989 Mmarekani Robert Thatcher na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu 600 walioumia kichwa kidogo. Walitumia kompyuta kuchambua mawimbi, wakaeleza kwamba mbinu yao iliwatenga na watu wazima wa afya kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Matokeo hayo yaliwapa wengi matumaini. Ila kumtenga majeruhi na mtu asiye na tatizo lolote ni kazi nyepesi kuliko kumtenga na mwenye kipandauso, sonona au usingizi mbovu, na hao ndio daktari anaokutana nao kliniki. Mwaka 1997 chama cha madaktari wa neva cha Marekani, pamoja na chama cha wataalamu wa vipimo vya neva, kilitoa tathmini iliyoandikwa na Marc Nuwer: kwa jeraha dogo la ubongo, uchambuzi huo wa kompyuta ulikuwa bado katika hatua ya utafiti, na haukupendekezwa kutumika kama ushahidi mahakamani.

Hiyo haina maana kwamba mawimbi hayafai kitu. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa cha BrainScope kinachosoma mawimbi ndani ya saa 24 baada ya ajali, ili kumsaidia daktari kuamua kama mgonjwa anahitaji CT-Scan. Swali hilo ni finyu na jibu lake linaweza kuhakikiwa kwa picha. Kipimo hiki hutumika vizuri kinapoulizwa swali la namna hiyo.

Neurofidibaki, yaani yale mafunzo ya kurekebisha mawimbi, huenda hatua moja mbele: haiishii kupima, inataka kubadilisha. Mtu huketi mbele ya skrini huku filamu ikichezwa. Mawimbi yake yakikaa katika kiwango kilichopangwa, picha hung'aa. Yakitoka nje, hufifia. Kwa kurudia mara 20, 30 au 40, ubongo unatarajiwa kujifunza. Wazo hilo lina mizizi ya heshima. Huko Los Angeles, miaka ya 1960, Barry Sterman aliwazoesha paka kuongeza mawimbi ya mara 12 hadi 15 kwa sekunde kwa kuwapa chakula kila walipofanikiwa. Baadaye paka hao walionekana kuchelewa kupata degedege walipopewa kemikali inayolisababisha, naye akaanza kuwajaribu watu wenye kifafa.

Kwa hiyo ubongo unaweza kufunzwa. Swali gumu ni kama mafunzo hayo ndiyo yanayomponya aliyeumia. Wengi wenye jeraha dogo hupata nafuu ndani ya wiki chache bila tiba maalumu. Anayehudhuria vikao kwa miezi, akisikilizwa na mtaalamu mpole na kupumzika kwa saa nzima, ana sababu kadhaa za kujisikia vizuri kabla hatujayataja mawimbi. Njia ya kuzitenganisha ni kuwapa baadhi ya watu mafunzo bandia bila wao kujua. Utafiti wa namna hiyo ulifanyika Marekani kwa watoto 144 wenye tatizo la umakini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021: waliopata mafunzo halisi na waliopata ya bandia, wote walipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Nchini Austria, mwaka 2017, Manuel Schabus na wenzake walikuta hali kama hiyo kwa watu wenye tatizo la usingizi. Kwa jeraha dogo la ubongo, tafiti nyingi zilizopo zimehusisha watu wachache, na nyingi hazikuwa na kundi la mafunzo bandia. Huo si msingi wa kumwomba mtu auze ng'ombe ili alipie vikao.

Kuna mambo yenye msingi imara zaidi, nayo hayana gharama kubwa. Tamko la wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni, lililotokana na mkutano wa Amsterdam wa mwaka 2022, linashauri mapumziko ya wastani kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, kisha kurudi taratibu kwenye kutembea na mazoezi mepesi, bila kujifungia gizani kwa wiki nzima. Usingizi upangwe, maumivu ya kichwa yatibiwe, shingo na macho vichunguzwe, kazi au masomo virudiwe hatua kwa hatua. Anayeanza kutapika mfululizo, kusinzia kupita kawaida, kuchanganyikiwa au kupata degedege arudishwe hospitali mara moja.

Anayeshauriwa kuanza neurofidibaki aulize mambo matatu kabla ya kulipa: kipimo kilitenganishaje jeraha na usingizi mbovu au dawa ninazotumia? Mafunzo haya yamelinganishwa na ya bandia kwa watu walioumia kama mimi? Nisipoona nafuu, tutaacha baada ya vikao vingapi? Mtaalamu mkweli atayajibu bila kukasirika. Na ndugu wa mgonjwa wasisubiri mchoro wowote ili wamwamini: maelezo yake kuhusu anavyojisikia ni sehemu ya uchunguzi, na ndiyo daktari anayoanza nayo.