Tunachokitafuta Kimo Machoni Petu

Ndugu msomaji, ukisimama Igawa, pale barabara kuu iendayo Mbeya inapovuka Mto Mbarali, huwa umesimama kati ya makao mawili ya mnyama mmoja. Kusini-magharibi iko milima ya Rungwe na Kitulo. Kaskazini-mashariki, mkoani Iringa, uko msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa.

Mnyama huyo ni kipunji, kima wa rangi ya kahawia mwenye shungi la nywele kichwani. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina. Lakini watafiti waliposimuliwa habari zake mwaka 2003, walisita. Walifahamu kwamba masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa kubuniwa, wakadhani huenda huyu ni wa hadithini. Mwezi Mei wakamwona Rungwe, asionekane vizuri. Desemba ndipo walipomtambua katika msitu wa Livingstone, upande wa Kitulo.

Huko Ndundulu kosa lilikuwa la namna nyingine. Waliowahi kumwona kima msituni humo walidhani ni mangabi wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 kwingineko Udzungwa. Mwaka 2004 watafiti walikwenda kumtafuta mangabi huyo. Walipomtazama vyema, wakakuta siye. Alikuwa kipunji yuleyule wa Rungwe, umbali wa kilomita 350 hivi!

Mwaka 2005 ulimwengu ulitangaziwa kima mpya, ambaye kwa wawindaji wale hakuwa mpya hata kidogo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kuwa wako 1,117 tu. Asiyetambuliwa hawezi kulindwa.

Je, nyumbani kwetu hali ikoje? Mtoto hukosea kunakili maneno ya ubaoni, na baba amekwisha kukata shauri kwamba ni mvivu. Kila alama mbaya humthibitishia uvivu huo. Hamwoni mwanawe akikunja uso ili asome, wala hamsikii akisema kwamba maandishi yana ukungu. Baba anatafuta sababu ya mtoto kushindwa, nayo imo machoni mwa mtoto mwenyewe. Miaka hupita, na dawa ilikuwa miwani.

Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo, kabla hujamkemea, mwulize mwanao anaona nini akiketi nyuma darasani. Kisha umsikilize hadi mwisho.