Je, Wajua? Bogenvilia Iliyozeeka Haing'olewi

Je, wajua kwamba bogenvilia hupenda kunyimwa maji? Ndiyo maana imeikubali Makongolosi, wilayani Chunya. Mvua za Chunya ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, kisha kiangazi kinashika mpaka Oktoba. Bustani nyingine zikinyauka, yenyewe ndiyo kwanza inapamba moto. Imwagilie kila siku na kuirundikia samadi, itakupa majani tele na maua ya kuhesabu.

Je, wajua kwamba lile tunaloliita ua la bogenvilia si ua? Vile vipande vya zambarau, vyekundu au vya rangi ya chungwa ni majani yaliyobadilika. Chuma shada moja ulitazame kwa karibu: utaona majani matatu ya rangi, na kila moja limebeba kijibomba chembamba kilichoshikamana na mshipa wake wa katikati. Kijibomba hicho chenye mdomo mweupe ndicho ua. Rangi ya majani yale hutokana na betalaini, jamii ileile ya rangi inayokuachia vidole vyekundu ukimenya bitiruti.

Mwiba nao una kisa chake. Mwiba na shada la maua huchomoza mahali pamoja, kwapani mwa jani, na chipukizi lilelile laweza kuwa hiki au kile. Siku fupi huvuta upande wa maua. Lakini Makongolosi siku ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote zinapishana kwa takriban saa moja tu, kwa hiyo nionavyo mimi, kiu ya kiangazi ndiyo yenye kauli huku.

Je, wajua kwamba mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia alikuwa katika msafara ulioipa bogenvilia jina? Louis-Antoine de Bougainville aliondoka Ufaransa mwaka 1766, na mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, alikuwa na msaidizi aliyevaa kiume. Msaidizi huyo alikuwa Jeanne Baret. Mmea wenyewe waliukuta Brazili mwaka 1767.

Sasa tuje kwenye uzee. Bogenvilia ya miaka ishirini ina sura moja popote uendapo: chini magogo matupu yenye miiba, juu ya bati majani na maua ambayo jirani ndiye anayeyafaidi. Fundi atakwambia, "Mama, hii tung'oe tu, tupande nyingine." Usimkubalie haraka. Chini ya gome la magogo yale kuna macho yaliyolala. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo hushuka na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Ukikata ncha, kizuizi kimeondoka. Na kwa kuwa bogenvilia huchanua kwenye matawi machanga, kuikata ni kuiandalia maua.

Ukitaka ushahidi, tembea porini. Miombo iliyokatwa kwa ajili ya mkaa au kukaushia tumbaku huchipua kutoka kwenye visiki, mradi moto na mifugo viipe nafasi.

Ushahidi mzito zaidi uko Mbozi, kwenye kahawa. Huko Mbimba kuna kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza kazi mwaka 2001. Mbuni uliochoka haung'olewi. Unakatwa ukabaki kisiki cha sentimita 30 hadi 45, mkato wa mshazari ili maji ya mvua yateleze, kisha kati ya machipukizi mengi yanachaguliwa mawili au matatu yenye afya na mengine yanaondolewa. Kazi hufanywa baada ya mavuno, mvua zikikaribia. Mkulima hukosa kahawa ya shina lile kwa mwaka mmoja au miwili, ndiyo maana wajanja hukata shamba kwa zamu. Wengine huacha tawi moja la kupumulia: majani yake huendelea kuilisha mizizi mpaka machipukizi yashike, ndipo nalo likatwe.

Chai pia ni hivyohivyo. Ile meza ya kijani unayoiona Mufindi na Rungwe ni miti: ukiiacha bila kuikata yaweza kupita mita kumi.

Je, wajua kwamba kuna waridi lililofufuka kwenye kifusi? Katika kanisa kuu la Hildesheim, Ujerumani, kuna mwaridi unaosemekana kuwa na umri wa miaka elfu moja. Machi 22, 1945 mabomu yaliliangusha kanisa na moto ukaunguza matawi yote. Mizizi ilibaki chini ya mawe, na kabla mwaka haujaisha ikachipua.

Je, wajua kwamba mti hauponyi kidonda? Hukizungushia ukuta wa ndani na kukifunika kwa mbao mpya. Hayo aliyaonyesha Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya magogo kwa msumeno, na akabaini kwamba kupaka rangi mkato hakuzuii kuoza. Kwa hiyo ile oili chafu tunayopaka kwenye visiki tuiache. Inaua gome changa linalojaribu kufunga jeraha.

Kwa bogenvilia ya Makongolosi, subiri mwishoni mwa Oktoba, maua yamepungua na mawingu yanaanza kujikusanya. Kama shina lina afya, kata lote kufikia usawa wa goti. Kama unalihofia, kata theluthi moja ya magogo kila mwaka, ukianza na makuukuu zaidi. Mwaka wa tatu utakuwa na mmea mpya juu ya mizizi ileile. Kwangua gome kwa kucha kwanza: penye kijani pana uhai, penye rangi ya kahawia pakavu teremka chini zaidi. Tumia msumeno, kwa sababu panga hupasua mbao na kuacha mianya ya kuoza. Vaa glovu nene. Mizizi usiiguse kabisa, kwani bogenvilia huvumilia kukatwa juu lakini hairidhii kusumbuliwa chini.

Matawi uliyokata usiyachome yote. Chagua yaliyokomaa, unene wa kidole, katakata urefu wa kiganja, ondoa majani, chomeka nusu yake kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Hata shina kuu likigoma kuchipua, kipandikizi kitakachoshika kitachanua kwa rangi ileile, kwa sababu ni mmea uleule.