Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Asiume Watu

Mwenye shamba anapotaka mbwa wa kulinda boma lake, mara nyingi humchukua mtoto wa mbwa angali mdogo sana, kwa kudhani ya kwamba akikawia na mama yake hatamjua bwana wake. Hilo ni kosa, nalo huzaa mbwa wengi wanaouma watu. Meno ya mtoto wa mbwa huanza kutokeza yapata majuma 3 baada ya kuzaliwa. Meno hayo ya kwanza, ambayo jumla yake ni 28, ni makali kama sindano. Anapocheza na ndugu zake akauma mno, mwenziwe hulia na kuacha mchezo. Mama naye humkaripia. Hivyo ndivyo ajifunzavyo kupima nguvu za taya zake. Yafaa basi aachwe na mama yake mpaka atimize majuma 8.

Akifika nyumbani ataanza kuuma vidole vya watoto na pindo za kanga. Huo si ukali, ni mchezo. Tena ufizi wamwasha, maana tangu mwezi wa 4 mpaka wa 7 hivi meno ya utoto hung'oka na meno 42 ya ukubwa huota. Hapo ndipo watu wakoseapo. Watoto hucheka, wakamtikisia mikono ili azidi. Baba hufurahi, akisema kwamba amepata mlinzi hodari. Miezi michache baadaye mbwa yule yule humwuma mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi, na shauri hufika kwa mzee wa kijiji.

Anapouma mkono, usivutwe kwa nguvu, kwani kitu kinachokimbia humtia hamu ya kukifukuza. Mkono utulie, mwenyewe atoe sauti fupi ya kuumia, ageuke, na kumnyima mchezo kwa nusu dakika. Kisha amrudie. Akiuma tena afanyiwe vivyo hivyo, hata ikiwa mara 10 kwa siku. Apewe pia kitu cha kutafuna, kama kamba nene iliyopigwa fundo, lakini si mfupa wa kuku uliopikwa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha. Na watu wote wa nyumba wafuate sheria moja. Mama akikataza, na kijana mkubwa akiruhusu nyuma ya ghala, mbwa hatajifunza kitu.

Kumpiga hakufai. Mbwa anayepigwa kila angurumapo hujifunza kutonguruma, wala hajifunzi kutouma. Naye ni wa hatari kuliko wote, kwa sababu huuma bila kuonya. Wako na wanaomlisha pilipili ili awe mkali. Hao humtesa tumbo bure. La maana zaidi ni kumzoeza wageni, baiskeli na watoto wa shule kabla hajapita majuma 14, kwa maana mbwa aliyefungwa mnyororo tangu utoto hukua akimwogopa kila mtu asiyemjua.

Mambo haya ni mazito katika Kenya kwa ajili ya kichaa cha mbwa, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka wa 1912 katika mbwa wa karibu na Nairobi. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Mwaka wa 2014 Serikali ilianzisha mpango wa kuumaliza ugonjwa huu unaotokana na mbwa ifikapo mwaka wa 2030, na kwa hiyo yatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wapate chanjo. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Mtu akiumwa, hata ikiwa ni katika mchezo, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama mbwa ataugua. Cheti cha chanjo ya mbwa kiwekwe mahali pasipofikiwa na mchwa, kwa maana daktari atakiuliza.