Na Hiki Pia Tukibadilishe? Kuamua Spea za Ziada Siku ya Sevisi

Katika nyumba nyingi za Pwani, gari ni moja na kazi zake ni nyingi. Ndilo lipelekalo watoto skuli asubuhi na madrasa jioni, ndilo liendalo sokoni, ndilo liwashwalo usiku wa manane mja mzito akishikwa na uchungu. Likisimama, husimama nalo nusu ya shughuli za nyumba. Kwa sababu hiyo familia hujibana, zikaweka kando shilingi elfu kadhaa kwa ajili ya sevisi: oili mpya, filta ya oili na ujira wa fundi. Hesabu yaonekana imetimia.

Kisha boneti hufunguliwa, na fundi husema: "Mama, mkanda huu nauona umechoka. Pedi za mbele nazo zimekaribia kwisha. Na hiki pia tukibadilishe?" Papo hapo hesabu ya elfu tano huwa ya elfu ishirini, na mama aliyesimama pale, mtoto mkononi na jua utosini, hutakiwa ajibu upesi kwa kuwa gari limekwisha kufunguliwa.

Wengi wetu hujibu kwa mojawapo ya njia mbili. Wako wanaokubali kila kitu kwa kuogopa, na wako wanaokataa kila kitu kwa kudhani kwamba kila fundi ni mlaghai. Wa kwanza huipunguza karo ya watoto kwa kununua spea ambazo zile za zamani zingalifaa bado. Wa pili huokoa elfu tano leo wakalipa elfu hamsini kesho, na pengine wakawatia hatarini wale wanaowapakia. Iko njia ya kati, nayo haimtaki mtu awe fundi. Yamtaka ajue la kuuliza, na aamue mengi kabla ya kufika gereji.

MASWALI MATATU

Kila spea inayotajwa nje ya sevisi ya kawaida na ipimwe kwa maswali matatu. La kwanza: hali yake ikoje sasa, na dalili iko wapi? La pili: ikiharibika njiani italeta nini, usumbufu, hasara ya injini au hatari ya roho? La tatu: siku nyingine ikihitajika kubadilishwa, je, itabidi yafunguliwe tena yaleyale yaliyofunguliwa leo?

Swali la kwanza humtaka fundi aonyeshe, asiishie kusema. Mpira uliopasuka huonekana kwa macho. Filta ya hewa huinuliwa kwenye mwanga. Ikiwa mwanga wapenya, bado ina maisha. Filta ya kipoza hewa, ambayo katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kidroo kilicho mbele ya abiria, hata mwenye gari aweza kuichomoa na kuitazama. Swali la pili hutenganisha balbu ya taa ya ndani na mpira wa breki. Swali la tatu ndilo linalosahauliwa na wateja wengi, nalo ndilo lenye fedha nyingi.

UFUNDI MMOJA, SPEA KADHAA

Mfano ulio wazi ni mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira wenye meno, uliofichwa nyuma ya vifuniko vya injini, unaozifanya vali zifunguke na kufunga kwa kwenda sambamba na pistoni. Katika injini nyingi, ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali zilizobaki wazi, na kazi iliyokuwa ya mkanda ikageuka kuwa ya kufungua injini nzima. Ndiyo maana watengenezaji huuwekea umri. Kwa injini nyingi ni kati ya kilomita 100,000 na 150,000, au idadi ya miaka iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwa kutazama litakalotangulia.

Gharama kubwa ya kazi hii mara nyingi ni ufundi wa kuufikia mkanda, wala si mkanda wenyewe. Na katika injini nyingi za aina hii, pampu ya maji huwa papo hapo, ikizungushwa na mkanda uo huo. Tuseme, kwa mfano tu, ufundi ni Sh10,000, mkanda Sh6,000 na pampu Sh5,000. Kubadilisha vyote leo ni Sh21,000. Kuiacha pampu ya zamani ni Sh16,000. Pampu hiyo ikianza kuvuja baada ya miezi minane, mtalipa Sh5,000 za pampu na Sh10,000 za ufundi uleule, na ikiwa maji yameurowesha mkanda mpya, Sh6,000 nyingine. Akiba ya elfu tano imezaa malipo ya elfu ishirini na moja. Basi fundi anayependekeza pampu, beringi za kukazia mkanda na sili za oili zilizo mahali hapo wakati mmoja na mkanda, huyo anawatakia heri. Hali ni hiyo hiyo kwa klachi ya gari la gia za mkono: gia boksi ikishashushwa, sahani ya klachi, kifuniko chake na beringi yake hubadilishwa pamoja.

Lakini kabla ya kukubali, hakikisheni kwamba gari lenu lina mkanda huo. Injini ya Toyota aina ya 1NZ, iliyomo katika Probox na Fielder nyingi tunazoziona barabarani, ina cheni ya chuma. Cheni haibadilishwi kwa ratiba. Hushughulikiwa ikianza kulegea na kupiga kelele. Injini za Subaru aina ya EJ, na ile ya dizeli ya Toyota aina ya 1KD iliyomo katika Hiace na Prado nyingi, hizo zina mkanda. Anayekuuzia mkanda wa taimingi wa Probox ya 1NZ anakuuzia kitu ambacho gari hilo halina. Wala usichanganywe na mkanda wa nje, unaozungusha altaneta na kipoza hewa. Huo huonekana boneti ikifunguliwa, na nyufa zake pia huonekana.

VINAVYOKWENDA KWA JOZI

Kuna spea ambazo hazibadilishwi moja moja. Pedi za breki za gurudumu la kulia zikiisha, za kushoto hubadilishwa nazo, kwa sababu breki zinazoshika upande mmoja kuliko mwingine hulivuta gari kando. Shokabzoba, zile zinazotuliza mtikiso, huenda jozi ya mbele au jozi ya nyuma. Plagi hubadilishwa zote kwa pamoja.

Hata hivyo, jozi ya mbele haiilazimishi ya nyuma. Pedi za mbele huisha upesi zaidi kwa kuwa ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari. Pedi iliyobakiwa na unene wa milimita 3 hivi imefika mwisho, na hiyo si ya kuahirishwa. Yenye milimita 6 yaweza kungoja, ikatazamwa tena sevisi ijayo. Diski nayo haibadilishwi kwa sababu tu pedi ni mpya. Mtengenezaji huweka unene wa chini unaokubalika, na mara nyingi huugonga kwenye diski yenyewe. Mwambieni fundi apime. Kuhusu plagi, ulizeni aina iliyomo. Zile za iridiamu hufika kilomita 100,000 katika magari mengi, na kuzitoa mapema ni israfu.

JOTO, CHUMVI NA UNYEVU WA PWANI

Ziko spea na vimiminiko ambavyo mazingira yetu huvichosha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Yakishaingia maji, huchemka upesi breki zinapopata moto, na kanyagio likazama mguuni. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni matumizi madogo kwa usalama mkubwa, hasa kwa wanaosafiri hadi Nairobi au Malindi wakiwa na familia nzima garini.

La pili ni maji ya rejeta. Imezoeleka kutia maji ya mfereji kwa hoja kwamba huku hakuna barafu. Kulanti, yale maji ya rangi, hayakutengenezwa kwa ajili ya barafu peke yake. Huzuia kutu ndani ya injini na huchelewesha kuchemka. Maji matupu hula pampu na rejeta kutoka ndani, na gari likakwama siku ya foleni ndefu ya feri ya Likoni, injini inaunguruma na hewa haipiti. Kila mara mfumo huo unapofunguliwa, kifuniko cha rejeta na mipira ya maji na vikaguliwe. Ni vitu vya bei ndogo vyenye kulinda kikubwa.

La tatu ni thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Baadhi ya mafundi huitoa kabisa, wakisema ni ya nchi za baridi. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na huchakaa upesi. Ikiwa imeharibika, nunueni nyingine. Msikubali nafasi yake iachwe tupu.

VYA KUULIZIA TENA

Kipo kipande kimoja cha ziada ambacho ni vyema kubadilishwa kila mara: washa ya nati ya kumwagia oili. Bei yake ni ndogo mno, na ikikosa kuziba vizuri oili hudondoka polepole bila mtu kujua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa upande mwingine, kuosha injini kwa dawa, kusafisha nozeli za petroli wakati gari haina dalili yoyote, au kubadilisha kifaa kizima cha usukani kwa sababu ya kelele ambayo haijatafutwa chanzo chake, haya yote na yangoje ushahidi. Oili ya gia boksi nayo yataka hadhari. Magari mengi ya sasa yana gia boksi ya CVT, na hiyo hutaka oili yake maalumu. Oili ya gia boksi nyingine yaweza kuiharibu, na gharama yake hukaribia ya injini.

Spea zilizotumika kutoka Japani zina mahali pake: kioo cha pembeni, mlango, taa. Lakini pedi, mikanda, sili na pampu ya maji na vinunuliwe vipya, kutoka duka linalotoa risiti na kukubali kurudishiwa. Rahisi huvunja upishi.

UAMUZI UANZE NYUMBANI

Gari lililotumika huingia nchini likiwa na umri tayari. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, lakini gari la miaka 7 lina mipira ya miaka 7, hata kama kilomita zake ni chache. Mara nyingi historia ya matengenezo yake haimfikii mnunuzi. Basi nunueni daftari siku ileile mnayolipokea. Andikeni tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na bei yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye daftari haambiwi leo kwamba plagi zimezeeka, hali zilitiwa mwaka jana.

Usiku wa kabla ya sevisi, mume na mke na waketi, au wapigiane simu ikiwa mmoja yuko Ghuba, waipange orodha kwa makundi matatu: ya kufanywa leo, ya kungoja sevisi ijayo, na yasiyohitajika. Yanayogusa breki, usukani na matairi huingia kundi la kwanza bila mjadala, dalili ikishaonekana. Yanayoshiriki ufundi na kazi ya leo huyafuata. Mengine yote yaweza kungoja, na fedha yake iwekwe kidogo kidogo.

Gerejini, ombeni makisio yaliyoandikwa, bei ya spea mbali na ujira wa fundi mbali. Dini yetu imetufunza kuandikiana katika miamala, na fundi mwema haoni uzito. Vilevile ombeni mrudishiwe spea zilizotolewa. Mkanda wa zamani ukiwa mkononi mwenu, mtaona wenyewe kama ulikuwa na nyufa. Na dada akiambiwa "mwite mzee nizungumze naye", ajibu kwa upole kwamba mzee ni yeye leo, na maswali yake ni matatu.

Fundi naye ana haki zake. Akieleza vizuri na ushauri wake ukakataliwa, asilaumiwe jambo likitokea. Akifanya kazi njema, ujira wake usicheleweshwe. Kumuuliza si kumtuhumu. Gari ni amana mikononi mwake kwa saa chache, na waliomo ndani yake ni amana mikononi mwetu kila siku. Anayeulizwa vizuri na kulipwa vizuri huzoea kusema kweli hata pale kweli inapompunguzia kipato: "Hiki bado, mama. Tukitazame tena sevisi ijayo, inshallah."