Istilahi za Riwaya ya Kihistoria ya Mapenzi: Je, Scarlett O'Hara ni Shujaa?

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha Margaret Mitchell kiitwacho Gone with the Wind hukutana na tatizo kabla hajafika ukurasa wa kwanza, nalo ni kukitia katika fungu lake. Kitabu hicho kilitolewa Marekani mwaka 1936, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1937. Chasimulia habari za Scarlett O'Hara, binti wa mwenye shamba kubwa katika jimbo la Georgia, kuanzia mwaka 1861 vilipozuka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe hadi miaka iliyofuata kushindwa kwa majimbo ya Kusini. Mapenzi yamo, na historia imo. Riwaya ya namna hii tuiiteje?

Jina linalokuja kwanza ulimini ni riwaya ya mapenzi ya kihistoria. Kasoro yake ni kwamba msomaji aweza kudhani mapenzi yenyewe ndiyo ya kihistoria, kama tusemavyo siku ya kihistoria, yaani siku isiyosahaulika. Twapendekeza riwaya ya kihistoria ya mapenzi: aina itangulie, maudhui yafuate. Na ili riwaya iitwe ya kihistoria, haitoshi wahusika kuvishwa mavazi ya kale. Sharti mwandishi asimulie zama zilizomtangulia, na matukio ya zama hizo yawe ndiyo yanayoyasukuma maisha ya wahusika. Mitchell alizaliwa Atlanta mwaka 1900, vita vimekwisha miaka 35 nyuma. Kuanguka kwa mji huo mwezi Septemba 1864 si pambo katika kitabu chake. Ndiko kunakomrudisha Scarlett kwao Tara, akamkuta mama yake amekwisha kufa na ghala halina chakula. Kwa kipimo hicho, riwaya ya Aniceti Kitereza ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyokamilishwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, yaweza kuzua ubishi mzuri darasani: upendo wa mume na mke upo, zama za kale zipo, lakini kinachotawala ni mila kuliko matukio.

Neno linalotusumbua zaidi ni shujaa. Baadhi ya walimu humwita hivyo kila mhusika anayebeba hadithi, na akiwa mwanamke huongeza "wa kike". Shujaa katika Kiswahili ni neno la sifa. Scarlett aliolewa na mume wa kwanza kwa kumkomoa mwanamume mwingine. Mume wa pili alimpata kwa kumdanganya mchumba wa dada yake mwenyewe, apate fedha za kulipia kodi ya Tara. Na katika viwanda vyake vya mbao aliwatumikisha wafungwa wa kukodi. Mwanafunzi akiambiwa huyo ni shujaa, atautumia muda wake wa mtihani akitafuta ushujaa wake. Mhusika mkuu latosha, kwani halisifu wala halilaumu. Nyongeza ya "wa kike" iwekwe tu pale jinsia inapohusika na hoja. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, twamwita shujaa bila nyongeza yoyote, na hakuna anayepotea.

Je, tabia yake tuitaje? Mkaidi, jeuri, kichwa ngumu, jike dume: maneno ni tele, na karibu yote yana hukumu ndani yake. Methali humwambia mkaidi kwamba hafaidi mpaka siku ya Idi. Mwanamume akitenda yale yale huitwa shupavu au mwenye msimamo. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni nani anayesema. Wakisema mabibi wa Atlanta, ambao hawapendi kumwona mwanamke akiendesha biashara, jeuri litafaa sana. Akisema msimulizi, shupavu au mwenye nia thabiti ndilo la haki. Mfasiri akitumia jeuri pote pote, atakuwa amemhukumu Scarlett kwa niaba ya mwandishi.

Liko jambo zito kuliko hayo. Mama aliyemlea Scarlett, na kabla yake akamlea mama yake Scarlett, mtu huweza kumtafsiri kwa neno yaya. Yaya hupokea mshahara na aweza kuondoka. Mama huyu hakuwa na mshahara wala ruhusa. Kwa sura zinazohusu miaka iliyotangulia 1865, neno sahihi ni mjakazi, na mwanamume wa hali hiyo ni mtwana. Baada ya utumwa kufutwa Marekani mwaka huo, mtumishi laruhusiwa. Mitchell aliyatazama mambo kwa macho ya wenye mashamba, na lugha yake huufunika utumwa kwa upole mwingi. Mfasiri hana ruhusa ya kubadili anayosimulia, lakini hapaswi kumsaidia kufunika. Maneno yenyewe hatuyakopi popote: hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na mjakazi, mtwana na mzalia yamo katika kamusi zetu pamoja na maana zake kamili.